Sikio Lililoziba na Mizani ya Mwili



Huko Migori na Homa Bay, kandokando ya Ziwa Viktoria, mama akilalamika kizunguzungu, jambo la kwanza linalotajwa ni malaria. Dhana hiyo ina msingi, kwani ukanda wa ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi zaidi nchini Kenya. Lakini damu ikipimwa isionekane malaria, na presha ikawa sawa, wengine hurudia dawa zile zile, na wengine husingizia jini. Sikio halikumbukwi.

Ilhali Mwenyezi Mungu ameweka ndani ya sikio viungo vya kusikia na viungo vya mizani, vyote vikiwa vimehifadhiwa ndani ya mfupa wa fuvu. Tabibu Robert Bárány wa Vienna aligundua kuwa maji ya baridi au ya moto yakitiwa sikioni, macho huchezacheza na mtu huhisi kizunguzungu. Kwa utafiti wake kuhusu viungo hivyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Kipimo chake kingali kinatumika. Lakini tundu la sikio likiwa limeziba kwa nta, maji hayafanyi kazi yake, na kiungo kizima huweza kudhaniwa kigonjwa.

Kipo pia kipimo cha mtetemo. Chombo kidogo huwekwa juu ya mfupa, nyuma ya sikio au kwenye paji la uso, na mashine husoma jinsi misuli ya shingo au ya chini ya jicho inavyoitika. Mtetemo hupita mfupani hadi sikio la ndani, hivyo hufaa hata pale sauti ya hewani inapozuiliwa njiani. Hata hivyo, kuziba si jambo la kupuuzwa. Tujaribu nyumbani: tuvume huku midomo imefumbwa, kisha tuzibe sikio moja kwa kidole. Sauti huhamia upande ule ulioziba na kuwa nzito zaidi, kwa kuwa mtetemo wa mfupani umekosa pa kutokea. Ndiyo maana mpimaji mwangalifu hutazama sikio kwa taa kabla ya kupima lolote.

Basi, mama akihisi kizunguzungu anapoinuka kutoka sijida au anapogeuka kitandani, tuombe masikio yake yatazamwe hospitalini. Tumweleze daktari dawa alizotumia: kwinini huweza kuleta mlio masikioni, na sindano za gentamisini au streptomaisini huweza kudhuru mizani yenyewe. Akishindwa kusimama, aswali ameketi. Dini yetu ni nyepesi.

Nyumbani tuache vijiti vya pamba, pini za nywele na manyoya ya kuku. Vitu hivyo husukuma nta ndani zaidi na huweza kutoboa kiwambo. Katika udhu, kupangusa masikio kwa vidole vyenye maji kunatosha. Wala tusitie maji au mafuta katika sikio linalotoa usaha.

Kizunguzungu kikija pamoja na udhaifu wa upande mmoja wa mwili, ulimi kuwa mzito au usikivu kupotea ghafla, tusingoje kesho. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.

Sikio ni amana, na kuitunza amana ni katika kumshukuru aliyeitoa. Wabillahi tawfiq.