Ubudha wa Uholanzi: Dini Iliyotangulizwa na Kitabu

Aghalabu dini husambaa kwa upanga, kwa biashara au kwa mhubiri. Ubudha wa Waholanzi ulitanguliwa na kitabu, na hapo ndipo penye nguvu yake na udhaifu wake.

Si kwamba Waholanzi hawakuwa wamekutana na Wabudha. Kati ya 1658 na 1796, Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki ilitawala pwani ya Sri Lanka. Mwenyeji aliyetaka cheo chini ya utawala huo ilimbidi abatizwe Kiprotestanti. Ajabu ni kwamba kampuni hiyo hiyo, ikitafuta urafiki wa mfalme wa Kandy, ilitoa merikebu za kuwaleta watawa kutoka Siam, yaani Thailand ya leo. Mnamo 1753 watawa hao walifufua utaratibu wa kuwatawaza watawa kamili, uliokuwa umekatika kisiwani. Waholanzi waliubeba Ubudha melini, ila hawakuufikisha kwao.

Aliyeufikisha ni mwanaisimu. Hendrik Kern, aliyezaliwa Java mwaka wa 1833, alikuwa profesa wa Kisanskriti katika Chuo Kikuu cha Leiden tangu 1865. Aliandika kwa Kiholanzi historia ya Ubudha nchini India, na mwaka wa 1884 ikachapishwa tafsiri yake ya Kiingereza ya Sutra ya Lotasi. Kern hakuwa muumini. Alifikia hata kudai kwamba visa vya maisha ya Buddha ni ngano za jua.

Waliotaka kuuishi Ubudha walikuja baadaye. Janwillem van de Wetering, mzaliwa wa Rotterdam, alikwenda Japani mwaka wa 1958 akaishi katika makao ya watawa wa Zen. Kitabu alichotoa mwaka wa 1971 kilipata wasomaji wengi wakati makanisa yakipoteza waumini. Kufikia 2017, waliojitambulisha na dini yoyote nchini humo walikuwa chini ya nusu ya watu wazima.

Wakati huo huo wahamiaji kutoka Asia walijenga mahekalu yao. Lile la Wachina jijini Amsterdam lilifunguliwa na Malkia Beatrix mwaka wa 2000. Hivyo kuna Ubudha wa aina mbili: mmoja wa familia, sadaka na sherehe, mwingine wa msomaji aketiye peke yake kutafakari.

Je, Ubudha umekua? Wanaojiita Wabudha hawafiki mmoja katika kila watu mia. Sanamu za Buddha zimejaa katika maduka ya bustani, lakini sanamu si jumuiya. Mwaka wa 2018, Dalai Lama alipozuru Rotterdam, alikutana na watu waliodai kudhulumiwa kimapenzi na walimu wao wa Kibudha. Akakiri kwamba alikuwa na habari za dhuluma kama hizo tangu miaka ya 1990.

Kweli, makanisa kongwe nayo yamepatwa na aibu hiyo. Hata hivyo, mwanafunzi aliyeipata dini kitabuni, asiye na jamaa wala wazee ndani yake, atamshtaki mwalimu wake kwa nani? Kitabu chaweza kuifikisha imani nchi ya mbali. Kumlinda muumini ni kazi ya watu, na kazi hiyo ndiyo inayowasubiri Wabudha wa Uholanzi.