Chaki, Ubao na Takwimu

Mwaka 2004, magharibi mwa Kenya, wanafunzi wa darasa la nane walionyeshwa filamu ya dakika 10. Kisha mwezeshaji akashika chaki, akaandika ubaoni viwango vya maambukizi ya VVU mjini Kisumu, kwa umri na jinsia. Wasichana wakajionea: mwanaume mtu mzima mwenye zawadi ni hatari zaidi kuliko mvulana wa rika lao.

Somo zima lilichukua dakika 40 tu. Mtafiti Pascaline Dupas alipofuatilia shule 71 zilizopata somo hilo, mimba za wasichana zilikuwa zimepungua kwa asilimia 28. Kuwanoa walimu wafundishe mtaala wa taifa, uliosisitiza kusubiri hadi ndoa, hakukupunguza mimba.

Mwanza, Tanzania nako, mradi wa elimu ya afya ya uzazi wa MEMA kwa Vijana uliongeza ujuzi wa vijana, lakini maambukizi ya VVU hayakushuka.

Wazazi wanaohofia kwamba kuzungumzia ngono ni kuichochea wana haki ya kujibiwa kwa ushahidi, na ushahidi upo. Wizara za elimu, kabla ya kuchapa kitabu kingine, zijaribu somo shuleni kwanza, zihesabu matokeo, na kila mwalimu apewe takwimu za wilaya yake.