Mpenzi, twende kwenye theluji!

Mwezi huu tuiache Zanzibar ipumzike kidogo. Najua wapo wawili huko ambao kila likizo yao ni mchanga, pweza na picha za machweo, na sasa mmoja wao ameanza kutaja theluji. Usimcheke. Wala si lazima mfike Uswisi. Theluji ya kuteleza ipo hapa hapa Afrika, nchini Lesotho, kwenye Milima ya Maluti, mahali panapoitwa Afriski. Msimu ni Juni hadi Agosti, maana kusini huko ndiyo baridi yao.

Kabla hujalipa hata senti, muulize mwenzio swali moja: unaitaka hii safari, au unanikubalia tu? Namfahamu dada mmoja ambaye mchumba wake alimfanyia "sapraizi" ya aina hii. Dada mwenyewe Arusha ya mwezi wa saba tu inamliza! Siku tatu alikaa chumbani amejifunika blanketi, jamaa yuko nje anateleza na kupiga picha. Walirudi Dar hawasemeshani, na ugomvi haukuwa wa baridi. Ulikuwa wa "hukuniuliza".

Mkishakubaliana, shikeni kalamu. Mnaruka hadi Johannesburg, mnakodi gari, halafu ni mwendo wa kama masaa matano, mkivukia mpaka wa Caledonspoort. Mwenye gari aambiwe mapema kwamba mnaingia Lesotho, awape barua ya ruhusa. Endesheni mchana, kona za Moteng si mchezo, na asubuhi lami inaweza kuwa na barafu. Randi inapokelewa Lesotho, thamani sawa na loti, kwa hiyo msihangaike kubadilisha pesa mara mbili. Bima ya safari isomeni mpaka maandishi madogo, kwani nyingi hazimlipi aliyeumia kwenye theluji mpaka aongeze kipengele hicho.

Nguo je? Jinzi na soksi za pamba ziacheni nyumbani, zikilowa mmekwisha. Makoti mazito tafuteni kwenye mitumba, Karume au Gikomba (nani mwingine atawagombania nayo kwenye joto hili?). Mbao za skii na viatu vyake mnakodi huko huko. Miwani ya jua na losheni msisahau. Theluji hulirudisha jua usoni, na sisi weusi pia tunaungua.

Halafu kuna kimo. Pale ni zaidi ya mita 3,000. Kwa waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, ni kati ya Mandara na Horombo, ila kule mlikwenda pole pole kwa miguu na huku gari linawapandisha kwa siku moja. Kichwa kinaweza kuuma na usingizi ukagoma. Usiku wa kwanza ni maji na kupumzika, divai isubiri. Na mwenzio akikataa mambo mengine usiku huo usinune, ni hewa tu. Akizidiwa, anatapika au anayumba, shukeni mara moja.

Sasa lile linalovunja watu: usimfundishe mwenzio kuteleza. Hata kama ulisoma Ulaya na unajua, niachie hilo. Mwalimu akisema "kunja magoti, usiegemee nyuma", ni somo. Ukisema wewe, tena mbele za watu, ni dharau. Lipieni somo la wanaoanza, na pesa hiyo iwemo kwenye bajeti tangu mwanzo, isije ikawa ndiyo ya kubana mkifika. Mmoja akielewa haraka, apande peke yake kwa saa moja, mkutane kwenye chai. Mteremko mkuu wenyewe ni kama kilometa moja, hampotezani. Na ambaye ameamua hatelezi, kaja kuangalia milima na kusoma kitabu chake, aachwe. Mlikubaliana hivyo nyumbani, sivyo?

Kabla ya kujaza fomu ya likizo kazini, ulizieni kama msimu umeshafunguliwa, kwa sababu sehemu kubwa ya theluji hutengenezwa kwa mashine na mashine zinategemea baridi. Kama bosi anaruhusu, chagueni katikati ya wiki. Wikiendi watu wa Johannesburg hupanda kwa wingi, na foleni ya kukodi viatu ni balaa.

Haya, tukutane mwezi ujao.