Tusiwafundishe watoto kuitikia "ndiyo" tu



Natoa dukuduku langu kwa wazazi wenzangu.

Binti yangu wa darasa la tano alirudi nyumbani analia. Mwalimu alijumlisha nusu na robo ubaoni akapata theluthi. Binti akasema papo hapo kuwa si kweli, akachapwa kwa utovu wa adabu. Mimi nami, badala ya kumsikiliza, nikamwamuru akaombe radhi. Akachukua mkate, akaukata mbele yangu: "Baba, theluthi ni ndogo kuliko hata hiyo nusu." Niliona haya, maana nilijua tangu mwanzo kuwa ana haki.

Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alitaka shule zimjenge mtoto awe mdadisi na mwenye kujiamini. Je, tukiwazoesha kuitikia tu, kesho nani atasimama mkutanoni aseme hesabu za ushirika hazilingani?

Kesho yake niliongozana naye shuleni. Aliomba radhi kwa kusema bila ruhusa. Ya hesabu hakuomba, nami sikumlazimisha.

Mzazi,
Morogoro.