Moshi wa Kiangazi Uandikwe Daftarini

Na Amisi Ramazani

Mwezi wa saba umefika, na kutoka Kasongo hadi Kabambare jua linachomoza likiwa jekundu na kuzama likiwa jekundu. Vipande vyeusi vya majani yaliyoungua vinaangukia muhogo ulioanikwa mikekani. Mama anavipuliza, anageuza muhogo, anaendelea na kazi. Hashangai, maana kiangazi ndivyo kilivyo siku zote. Hapo ndipo penye shida yetu: tumezoea jambo linalotuua.

Sina ugomvi na mkulima. Anayefyeka pori mwezi wa sita na kulichoma kabla ya mvua za mwezi wa tisa, ili apande mpunga na kalanga, hana trekta wala mbolea ya dukani. Majivu ndiyo mbolea yake. Ila moto mwingi hautoki shambani. Mwindaji anawasha nyasi ili ndezi watoke, anapata wawili watatu, anarudi kwake, na moto anauacha ukitembea siku mbili hadi ukutane na mto. Moto huo haumlishi mtu, na moshi wake tunauvuta sote.

Kinachodhuru zaidi ndani ya moshi hakionekani kwa macho. Ni chembe laini mno, ambazo unywele mmoja wa kichwa unazizidi upana karibu mara thelathini. Pua haizizuii. Zinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine zinapenya hadi kwenye damu. Ndiyo maana moshi hauishii kwenye kikohozi: unamzidishia mwenye pumu, unausumbua moyo wa mzee mwenye presha, na mama mja mzito anayeuvuta kwa wingi anaweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Mwezi Novemba 2024 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha hesabu ya watafiti kuhusu moshi wa mioto ya misitu, nyasi na mashamba kati ya 2000 na 2019: vifo vipatavyo milioni 1.5 kila mwaka duniani, karibu asilimia 40 vikiwa Afrika kusini mwa Sahara. Kongo yetu imo katika nchi tano zilizopoteza watu wengi zaidi.

Hali ya hewa nayo inaupa moto muda mrefu zaidi. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kati ya 1988 na 2013 kiangazi cha katikati ya mwaka katika misitu ya bonde la Kongo kilirefuka kwa siku kati ya 6 na 10 katika kila miaka kumi. Nyasi zinakauka mapema, zinakaa kavu muda mrefu, na cheche moja inakwenda mbali.

Kuna desturi moja ambayo wakubwa wa vijiji hawana budi kuitazama upya. Tunaambiwa tuchome jioni, upepo ukiwa umetulia, ili moto usiruke kwenye shamba la jirani. Kwa shamba ni shauri jema. Lakini usiku hewa inapoa na kutulia, moshi haupandi. Unalala bondeni, unapita chini ya ukingo wa nyasi za paa, unajiunga na ule wa mafiga, na watoto wanaupumua hadi alfajiri. Heri kufyeka ukanda mpana kuzunguka shamba, kuita watu wa kutosha, kuwasha mchana upepo ukiwa mdogo, na kuhakikisha moto umezimika kabla ya giza. Ni kazi kubwa kuliko kuwasha na kwenda kulala, najua. Chifu akitangaza siku ya kuchoma kijiji kwa kijiji, kazi hiyo inagawanyika, na wenye watoto wachanga wanajua siku ya kuwaondoa.

Madhara ya moshi huu yanafaa kuhesabiwa pia, na Kasongo ina haki ya pekee ya kulisema hilo. Kuanzia 1971, waganga wa hapa pamoja na Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walijenga hapa mtandao wa vituo vya afya vilivyoungana na hospitali moja, wakahesabu wagonjwa kwa uangalifu, na takwimu zao za chanjo ya surua zikachapishwa mwaka 1981 zikasomwa dunia nzima. Mpango wa zoni za afya unaotumika leo nchini mwote ulijifunza mengi kutoka hapa. Mji uliofanya hivyo kwa daftari na kalamu hauwezi kushindwa kuandika, kila juma la kiangazi, watoto wangapi wameletwa na nimonia na kama siku hizo moshi ulikuwa umetanda. Namwomba daktari mkuu wa kila zoni, Kasongo na Kabambare, aanze mwezi huu.

Na wewe mzazi, usisubiri daftari. Mtoto akikohoa, mtazame akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Wa chini ya miezi 2 akifikisha 60, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, au mbavu zikiwa zinabonyea ndani kila anapovuta hewa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.