Je, Tumpokee Mchezaji Aliyefukuzwa Kwingine?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika kurasa za Kiswahili za jarida letu, nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo muhula huu limezungumzwa bwenini, uwanjani, na hata na wanafunzi wa zamani wakutanapo bandarini. Jambo lenyewe ni hili: je, yafaa timu yetu ya mpira wa kikapu imchukue kijana aliyefukuzwa shule nyingine kwa utovu wa adabu, kwa sababu ni mchezaji hodari?

Jina lake sitalitaja, wala shule alikotoka. Yatosha kusema kwamba ni mrefu, ni mwepesi, na mpira ukimfika mkononi hautoki ila kwa kuingia kapuni. Tena yatosha kusema kwamba alimpiga mwenzake wa timu hata akalazwa, na hiyo haikuwa mara yake ya kwanza. Baadhi ya wanafunzi wa zamani wamejitolea kumlipia ada, mradi acheze. Kabla sijaendelea, yanipasa kukiri kwamba mimi hucheza nafasi ile ile aichezayo yeye. Akija, nitakaa benchi. Basi msomaji ayapime maneno yangu akijua hayo.

Wanaokataa husema kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Neno hilo si la kudharauliwa. Huko Marekani, katika mji wa Waco, jimbo la Texas, kuna chuo kikuu cha Wabaptisti kiitwacho Baylor. Chuo hicho kilimpokea Patrick Dennehy, aliyekuwa ameondolewa katika timu ya New Mexico kwa sababu ya hasira zake. Kilimpokea pia Carlton Dotson, aliyetoka chuo kingine. Mwezi wa Juni 2003 Dotson alimwua Dennehy kwa bunduki. Mwaka 2004 mahakama ilimpeleka kwanza katika hospitali ya maradhi ya akili, na mwaka 2005 akahukumiwa kifungo cha miaka 35. Kocha wao, Dave Bliss, alijiuzulu Agosti 2003. Ilidhihirika kwamba alikuwa akimlipia Dennehy ada kwa siri, kinyume cha sheria za michezo. Kisha, ili kuificha siri hiyo, aliwataka wachezaji waseme kwamba marehemu alikuwa muuza madawa ya kulevya. Msaidizi wake aliyanasa maneno hayo katika kinasa sauti.

Msomaji atasema, “Basi si umekwisha jijibu?” La, bado. Kuna habari ya pili.

Mwaka 1993 kijana mmoja wa miaka 17, jina lake Allen Iverson, alishitakiwa kwa ugomvi uliozuka katika ukumbi mmoja wa starehe mjini Hampton, Virginia. Alihukumiwa kifungo cha miaka 5, akakaa gerezani miezi kama minne, ndipo gavana wa jimbo akamsamehe. Hukumu yenyewe ilifutwa mwaka 1995 kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Lakini alipotoka gerezani, vyuo vilivyokuwa vikimtafuta vilikuwa vimemkimbia. Mama yake akamwendea John Thompson, kocha wa Georgetown, chuo cha Mapadre Wajesuiti, akamwomba amsaidie mwanawe. Thompson akamkubali. Iverson alicheza pale miaka miwili, na mwaka 2001 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi ya NBA. Sisemi kwamba alikuwa malaika. Baadaye pia alipata misukosuko yake. Lakini mlango haukufungwa usoni pake.

Tofauti ya vyuo hivi viwili ni nini? Vyote viwili vilikuwa vya dini, na vyote viwili vilitaka ushindi. Huyu Thompson alikuwa na mpira wa kikapu usio na upepo katika ofisi yake. Aliuweka ili wachezaji wakumbuke kwamba siku moja upepo utawaishia nao, na hapo kitakachobaki ni elimu yao na tabia yao. Kule Waco, kocha alimlipia mtu ada gizani, na mtu huyo alipokufa, akamchafulia jina ili kujiokoa mwenyewe. Kwake mchezaji alikuwa chombo tu.

Kwa hiyo naona kwamba twajiuliza swali lisilo lake. Tusiulize, “Je, kijana huyu ni mbaya?” Tujiulize, “Kama leo angevunjika mguu, je, tungempokea?” Ikiwa jibu ni ndiyo, na aje. Ikiwa jibu ni la, basi tumwache, maana tutamharibu zaidi ya alivyoharibika.

Mimi nina sababu ya kusema hivyo. Mwaka 2020, tulipoukimbia mji wetu wa Mocímboa da Praia, nilifika shule ya ugenini bila cheti wala daftari, nikiwa na hasira tele. Wiki ya kwanza nilipigana. Mwalimu aliyeniita hakuniuliza kama najua kucheza mpira. Aliniuliza kama nimekula. Mji wetu ulipokombolewa Agosti 2021, tulianza kurejea kidogo kidogo, na wengi tulirudi na mambo yasiyoonekana kwa macho. Shule ya mji kama huu ikisema haipokei vijana wenye matata, itampokea nani?

Na huyo samaki wa methali, wavuvi wetu wamjua vizuri. Hawamtupi kwa kuogopa kwamba ataoza. Humpasua mapema, wakamtia chumvi, wakamwanika.

Basi chumvi yetu na iwe hii. Kwanza, Mkuu wa shule apate habari kamili kutoka kule alikotoka, na sisi wa timu tuambiwe kweli, maana ndio tutakaolala naye bweni moja. Pili, asicheze mechi yoyote muhula wa kwanza. Afanye mazoezi na asome. Huko Marekani, mpaka mwaka 2021, mchezaji wa kikapu aliyehama chuo kwa kawaida alikaa mwaka mzima bila kucheza, wala hakufa. Tatu, awepo mwalimu mmoja wa kumwangalia, na akimpiga mtu tena, sheria ya shule imshike kama imshikavyo yeyote. Nne, nawaambia ndugu zetu wanafunzi wa zamani kwa heshima: ada yenu mlipeni Mkuu wa shule hadharani, na iwe ya mwaka mzima, acheze asicheze. Asiyeweza kutoa kwa sharti hilo, fedha yake na abaki nayo.

Wenzangu wa timu wataniuliza, “Je, nafasi yako?” Nitaipigania uwanjani. Nikishindwa, nitakaa benchi, na benchi si gereza.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Darasa la 12