Kadi ya pikapu ni safi, ekseli je?

Mfanyabiashara anayenunua pikapu kuukuu Namanga, Busia au Mutukula hukagua namba mbili: ya chesisi na ya injini. Zikilingana na kadi ya usajili, fedha hutoka. Lakini ekseli ya nyuma, inayobeba sehemu kubwa ya mzigo, haimo kwenye kadi. Inaweza kung'olewa gari moja na kufungwa jingine bila karatasi yoyote kubadilika.

Sheria za uagizaji nazo zinachangia. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika kwa zaidi ya miaka 8. Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi miaka 15 mwaka 2018. Tanzania huyapokea, ila kwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Kwa hiyo Hilux za miaka ya 1990 zilizokwisha kuingia hazitupwi. Zinaishi kwa vipuri vya mtumba, na zikiuzwa huvuka mpaka na viraka vyake.

Ekseli iliyobadilishwa si lazima iwe mbovu. Hatari ni ekseli isiyolingana na gari. Difu yenye gia kubwa ya meno 41 na ndogo ya meno 10 huifanya propela izunguke mara 4.1 kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu. Ya meno 43 kwa 10 huhitaji mara 4.3. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne likiwa na 4.1 nyuma na 4.3 mbele, ekseli hizo hushindana kila dereva anapounganisha mbele na nyuma. Tairi zinalika na gia zinaumia.

Hasara nyingine haionekani. Katika pikapu nyingi za zamani, spidi mita huendeshwa kutoka kwenye giaboksi. Ikifungwa difu ya 4.1 mahali pa 4.3, safari ya kilomita 100 husomeka kama kilomita 95 hivi. Anayepanga nauli ya mzigo kwa kilomita hizo anajipunja.

Ukaguzi hauhitaji mashine. Kwanza, kwenye Toyota, tafuta kibao cha utambulisho chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Mstari wa TRANS/AXLE una alama ya ekseli iliyotoka nayo kiwandani: herufi ya kwanza ni ya ukubwa wa difu, tarakimu zinazofuata ni za uwiano. Fundi au muuza vipuri mwenye orodha ya Toyota ataisoma.

Pili, hesabu. Zuia gari lisisogee, weka gia huru, inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na uweke stendi imara. Zungusha gurudumu hilo mara 2 kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Hesabu hiyo ndiyo uwiano. Ikitofautiana na ya kibao, difu imebadilishwa.

Tatu, tazama chini. Vishikio vya springi vilivyochomelewa upya, au nati za magurudumu 5 nyuma na 6 mbele, ni ushahidi tosha. Hata hivyo, jicho hudanganya: Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizopanuliwa mbele mwaka 2007 ili zibebe injini ya V8 zina magurudumu ya nyuma yaliyoingia ndani kidogo. Hivyo ndivyo zilivyotoka kiwandani.

Soko la pamoja limerahisisha gari kuvuka mpaka, lakini historia ya matengenezo yake hubaki kwa fundi upande wa pili. Hadi kadi zitakapoandika zaidi ya chesisi na injini, kinga ya mnunuzi ni mkataba wa mauzo. Alama ya kibao na uwiano uliohesabiwa viandikwe humo, muuzaji atie saini. Vikitofautiana, bei ishuke kabla fedha hazijatoka mfukoni.